Kijapani kwa Njia ya Kiswahili

Mwenye kukaa Kibokoni, katika mitaa hii myembamba iliyo nyuma ya Ngome ya Yesu, ambapo gari mbili zikikutana hapana budi moja irudi kinyumenyume hata ipate upenyo, amekwisha kuisikia lugha ya Kijapani mara nyingi kuliko anavyodhani. Gari nyingi zilizotumika Japani zikashushwa Kilindini huja na sauti ya mwanamke ndani yake, na kila asubuhi mwenye gari anapowasha moto sauti ile humwambia kwa adabu kubwa: ETC kaado ga soonyuu sarete imasen. Dereva huisikia, watoto wanaopelekwa skuli huisikia hata wakaihifadhi kwa moyo, na wako wanaoidhani kuwa ni salamu ya asubuhi au dua ya safari. Kumbe ile ni sentensi kamili ya Kijapani, yenye karibu kila jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutakiwa kulifahamu.

Maana yake ni hii: kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mtambo wa kulipia ushuru wa barabara kuu za huko Japani, nao kila ukikosa kadi yake hushitaki, hata ukiwa umekwisha kuvuka bahari na kufika mahali ambapo kadi hiyo haina kazi. Tuzitazame sehemu za sentensi hiyo moja moja. Kaado ni kadi. Ga ni kijineno kidogo kisichosimama peke yake, kinachofuata jina ili kutujulisha kuwa jina hilo ndilo lenye habari ya tendo. Soonyuu ni uingizaji, sarete ni kufanywa, na imasen ni kukanusha kwamba hali hiyo ipo. Ukiyapanga maneno hayo kwa Kiswahili bila ya kuyahamisha utapata: kadi ya ETC, uingizaji, kufanywa, haipo. Sisi tumeyakusanya yote katika neno moja, haijaingizwa, nasi kukanusha tumekutanguliza: silabi ya kwanza tu, ha-, yatosha kumjulisha msikilizaji kuwa jambo halikuwa. Mjapani amekuweka kukanusha huko mwisho kabisa, katika silabi ile ya -sen, na msikilizaji wake hana ila kusubiri mpaka pumzi ya mwisho ndipo ajue kama kadi imeingia au haikuingia.

Nimeitanguliza sentensi hiyo kwa sababu ya jambo moja ninalolitakia watu wetu kwa dhati. Vijana wanaotamani kujifunza Kijapani, wengine kwa ajili ya masomo, wengine kwa ajili ya biashara ya magari, aghalabu hufunzwa kwa vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya Mwingereza na Mmarekani, na humo hukuta onyo juu ya onyo: jambo hili ni la ajabu, jambo lile halina mfano. Kwa Mwingereza ni kweli. Lakini mengi kati ya hayo yanayoitwa ajabu mwana wa Mvita anayo kinywani tangu alipoanza kusema, na kumpitisha katika Kiingereza ili ayafikie ni kumtoa Kibokoni kwenda Ngomeni kwa njia ya Nyali.

Na mji huu si mgeni wa kazi ya lugha. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza lisani ya wenyeji, na mwaka 1850 kitabu chake cha kuieleza sarufi ya Kiswahili kikapigwa chapa. Wajapani nao walifika kwa njia ya biashara. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari baina ya Japani na Afrika ya Mashariki, na katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Japani zilijaa katika maduka ya pwani, hata kanga zetu baadaye zikawa zapigwa chapa huko, kwa mikono ya mafundi wasiojua maana ya majina waliyoyachapa. Katika zama zetu hizi, kituo cha pili cha makontena hapo Kilindini, ambacho sehemu yake ya kwanza ilimalizika mwaka 2016, kilijengwa kwa mkopo wa Japani.

Lakini habari iliyo kubwa kuliko hizo, na ambayo watu wachache wa mji huu waijua, ni ya mwaka 1942. Mwezi wa Aprili mwaka huo manowari za Japani ziliishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Sailani, na jeshi la bahari la Waingereza likahamia Kilindini. Pamoja nalo walikuja watu ambao silaha yao ilikuwa kalamu, yaani wafumbuzi wa maandishi ya siri ya Wajapani, wakawekwa katika Skuli ya Allidina Visram, hapa hapa kisiwani. Humo, katika vyumba vya madarasa, walikaa wakizitazama tarakimu zilizonaswa hewani. Siri ya meli za biashara za Japani ilikuwa imefungwa mara mbili: kwanza herufi ziligeuzwa tarakimu, kisha tarakimu zikapangwa katika safu na safu zikachanganywa. Kosa la Wajapani wenyewe liliwapa wawili kati ya wafumbuzi hao, John MacInnes na Brian Townend, upenyo, na ilipofika Novemba 1942 waliweza kuyasoma maandishi hayo. Na kila walipokwisha kulifungua fumbo la tarakimu walikuta chini yake fumbo la pili, ambalo halikufanywa na jeshi lolote, nalo ni Kijapani chenyewe na mpango wake wa maneno.

Mpango huo una kanuni moja iliyo mama wa nyingine zote: kitenzi hukaa mwisho. Sisi husema, Ali hununua samaki sokoni. Mjapani husema: Ari wa ichiba de sakana o kaimasu. Ari ndiye Ali, kwa kuwa Kijapani hakina sauti ya l. Ichiba ni soko, sakana ni samaki, na kaimasu ni kununua. Kwa hiyo, Ali, sokoni, samaki, hununua. Na zile wa, de, na o ni vijineno vya namna moja na ga tuliyoiona katika gari. Kila kimoja hufuata jina lake na kulitangaza kazi yake: wa hutangaza kuwa habari ni ya Ali, de kuwa soko ndipo mahali pa tendo, na o kuwa samaki ndiye anayetendwa. Kwa kuwa kila jina limekwisha kutangazwa kazi yake, majina yaweza kupishana bila ya maana kuharibika. Ukisema, Ari wa sakana o ichiba de kaimasu, Ali bado ndiye mnunuzi na samaki bado ndiye mnunuliwa. Kisichohama ni kitenzi.

Na kwa kuwa kitenzi ki mwisho, mabadiliko yote ya wakati na ya kukubali na kukanusha hutendeka hapo mwisho. Kaimasu ni hununua au atanunua, kwani Kijapani hakitenganishi mazoea na wakati ujao kwa umbo la kitenzi. Kaimashita ni alinunua. Kaimasen ni hanunui. Kaimasen deshita ni hakununua. Ukitaka kuuliza, ongeza ka: kaimasu ka? Maneno mengine yote hubaki mahali pake. Mwanafunzi aliyevishika vitenzi kumi katika maumbo hayo manne, pamoja na vijineno vitano au sita, amekwisha kupata uwezo wa kusema mambo mengi ya kila siku, na hilo laweza kufanyika kwa wiki chache za bidii.

Mwingereza hutaabika na vijineno hivi kwa kuwa amezoea kuvitanguliza mbele ya jina. Sisi je? Twaishi Kibokoni, twaenda sokoni, twasali msikitini. Ile -ni yetu hukaa nyuma ya jina, na ajabu ya mambo ni kuwa Wajapani nao wana ni, nayo hukaa nyuma ya jina, na kazi yake moja ni kuonyesha mahali. Kibokoni ni sunde imasu, yaani naishi Kibokoni. Ichiba ni ikimasu, yaani naenda sokoni. Mtu asidhani kuwa lugha hizi ni ndugu wa damu, maana hazina nasaba moja na sauti hizo zimesadifiana tu. Lakini mwalimu mwenye hekima hukitumia alichokikuta, na mtoto wa pwani aliyeambiwa kwamba ni ya Kijapani hukaa kama -ni ya sokoni hatalisahau jambo hilo mpaka uzeeni. Tafauti ni moja ya kuangalia: -ni yetu hutumika kwa mtu aliyepo mahali na kwa mtu atendaye jambo mahali hapo, nao Wajapani wamezigawa kazi hizo. Akiwa yumo chumbani tu, husema heya ni imasu. Akiwa anasoma chumbani, husema heya de yomimasu. Ni kwa kuwapo na kwa kuelekea, de kwa kutenda.

Baada ya hapo huja mlango ambao Mswahili lazima aingie kwa kugeuka. Kwetu jina hutangulia na sifa zake hufuata: kitabu kikubwa, kitabu cha mwalimu, kitabu nilichokinunua jana. Kwa Mjapani kila kinacholieleza jina hulitangulia. Ookii hon ni kitabu kikubwa, ila kubwa ndiyo iliyo mbele. Sensei no hon ni kitabu cha mwalimu, na sensei, mwalimu, ndiye aliye mbele. Ile no ni kama -a yetu ya kuunganisha, tena ni nyepesi kuliko yetu, kwa kuwa haijui cha wala la wala wa wala ya, bali ni no daima. Tazama jinsi msururu wa maneno unavyopinduka: sisi husema gari la rafiki wa baba, nao husema chichi no tomodachi no kuruma, baba, rafiki, gari. Na tungo ndefu vile vile: gari nililolinunua jana Kilindini huwa kinoo Kirindini de katta kuruma, yaani jana, Kilindini, nililonunua, gari. Anza kuisoma sentensi yetu kutoka mwisho, nawe utaikuta yao imekaa tayari. Watu wa mji huu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa hati hizo ndipo Mwalimu Sikujua alipotuhifadhia mashairi ya Muyaka. Kisha wakaja wakajifunza herufi za Kirumi zinazokwenda kutoka kushoto, na mkono mmoja ukaweza kuandika kwa pande zote mbili bila ya kuchanganyikiwa. Kugeuka kwa Kijapani ni kama huko: taabu yake ni ya siku za mwanzo, na kanuni yake haina udanganyifu.

Sasa nirudi kwenye wa, maana ndiyo iliyowapa wanavyuoni maneno mengi. Iko sentensi moja mashuhuri mno katika sarufi ya Kijapani, hata mwanachuoni Mikami Akira akaifanya kuwa jina la kitabu chake mwaka 1960: zoo wa hana ga nagai. Zoo ni ndovu, hana ni pua, nagai ni -refu. Mwingereza huuliza, kipi hapa kilicho kirefu kisarufi, ndovu au pua? Mbona viko viwili, na kila kimoja chadai kuwa ndicho kinachosemwa? Lakini mwambie mtoto wa Kibokoni: ndovu, pua yake ndefu. Hataona ajabu yoyote. Kila siku barazani husemwa hivyo hivyo: mzee yule, wanawe wako Maskati, nyumba ile, mlango wake wa nakshi, Mji wa Kale, njia zake nyembamba. Kwanza twamtaja tunayetaka kumzungumzia, twatua kidogo, kisha twaleta habari yake. Kile kituo chetu ndiyo wa yao. Kyuushigai wa michi ga semai: Mji wa Kale, njia zake nyembamba. Hata kitu kinachotendwa chaweza kutangulizwa namna hiyo katika lugha zote mbili. Kitabu hiki nimekwisha kukisoma, kono hon wa moo yomimashita. Mimi naona kuwa hapa ndipo Kiswahili kinapomfaa mwanafunzi kuliko mahali pengine popote, kwani jambo hili la wa na ga, ambalo katika vitabu vya Kizungu hujaza kurasa kwa kurasa, kwetu hulitambua sikio.

Mfano wa namna hiyo hiyo ni katika kuonyesha vitu. Mwingereza ana namna mbili tu, ya karibu na ya mbali. Sisi tuna tatu: hiki kilicho kwangu, hicho kilicho kwako au tulichokwisha kukitaja, na kile kilicho mbali nasi sote. Wajapani wana tatu zizo hizo: kore, sore, are. Zikifuatwa na jina huwa kono, sono, ano; na za mahali, ambazo kwetu ni hapa, hapo na pale, kwao ni koko, soko na asoko. Ya kuulizia huanza kwa do: dore ni kipi, doko ni wapi. Mwenye duka wa Kibokoni akimwambia mteja, hicho ulichokishika ni bei ghali kuliko hiki, amekwisha kuipima sore na kore kwa kipimo cha Kijapani bila ya kufunzwa na mtu.

Liko na la vitu vyenye roho. Kijapani hakina ngeli kama zetu, wala jina halibadiliki kwa umoja na wingi. Hon ni kitabu na ni vitabu. Lakini katika kusema kuwa kitu kipo, hutenganisha chenye uhai na kisicho na uhai: chenye uhai ni imasu, kisicho nao ni arimasu. Sisi tuna neno kiboko, na ni moja kwa mnyama wa mtoni na kwa mjeledi. Mnyama tukimtaja husema kiboko yupo, na mjeledi husema kiboko kipo, wala hapana mwenye kukosea. Kwa Mjapani mnyama ni kaba na mjeledi ni muchi, naye husema kaba ga imasu, muchi ga arimasu. Ule upambanuzi wa yupo na kipo ndio huo huo. Na wanapohesabu, ngeli huwarudia kwa mlango mwingine, kwani vitu virefu vya duara, kama kalamu, huhesabiwa kwa hon, na vitu vyembamba vya bapa, kama karatasi, kwa mai, na wanyama wadogo kwa hiki. Ni taabu kuzihifadhi, sitaki kumficha msomaji. Ila mtu aliyelelewa katika lugha inayovipanga vitu kwa makundi hatahitaji kuelezwa sababu ya kuwapo kwa jambo kama hilo.

Lililonipendeza kuliko yote ni umbo la kitenzi. Kula kwao ni taberu. Kulisha ni tabesaseru. Kulishwa ni tabesaserareru. Vitenge vitenzi hivyo uone: kwetu shina ni l, kisha -ish- ya kusababisha, kisha -w- ya kutendwa, kwao shina ni tabe, kisha sase ya kusababisha, kisha rare ya kutendwa. Utaratibu ni ule ule, hatua kwa hatua, katika lugha mbili zilizotengwa na bahari nzima. Tafauti huja tu pale tunapotaka kukanusha na kutaja wakati uliopita. Sisi hurudi mbele ya shina tukasema ha-ku-lishwa, nao huendelea mbele kwa mbele wakasema tabesaseraremasen deshita. Mzungu akiliona neno refu kama hilo hushituka. Mswahili husema kila siku hawakubaliani, hatukusikilizwa, wamepatanishwa, wala hapumziki katikati.

Yaliyo magumu kwetu yapo, nayo ni haki yatajwe. La kwanza ni kwamba kitenzi chao hakimtaji mtenda. Tabemashita yaweza kuwa nilikula, ulikula, au walikula, na msikilizaji hufahamu kwa mazingira ya mazungumzo. Sisi tuliozoea ni-, u-, a- hujiona kama tumetupwa gizani. Dawa yake ni kusikiliza mazungumzo mazima badala ya sentensi moja moja. La pili ni maandishi, yenye herufi za hiragana 46, na za katakana kiasi hicho hicho, na juu yake alama za kanji, ambazo zilizowekwa rasmi kwa matumizi ya kawaida ni 2,136. Hapo hapana njia ya mkato ila kuandika kila siku. Katika matamshi, kinyume chake, tuna bahati: silabi zao aghalabu huishia kwa irabu kama zetu, na urefu wa irabu hubadili maana, obasan akiwa shangazi na obaasan akiwa nyanya, jambo ambalo sikio lililozoea kutenga kua na kuua halitashindwa nalo.

La tatu ni heshima, nalo limekaa ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa rafiki husemwa taberu, kwa mkubwa au mgeni tabemasu, na mkubwa mwenyewe akila huwa ni meshiagaru. Mtoto aliyelelewa katika mitaa hii, asiyeweza kumpita mzee barazani bila ya kumwamkia, ataelewa mara moja kwa nini lugha yaweza kujali ni nani anayesema na nani. Ndiyo maana nashauri aanze na maumbo ya -masu, ayashike barabara, na yale ya urafiki ayaache kwanza, kwani adabu iliyozidi haimchukizi mtu.

Idhaa ya NHK ya Japani ina matangazo ya Kiswahili na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, na katika Chuo Kikuu cha Osaka Wajapani wenyewe husomeshwa lugha yetu. Ninachokililia ni kitabu cha sarufi ya Kijapani kwa Mswahili, kitakachoanza moja kwa moja na -ni ya sokoni, kikafuata na hiki, hicho, kile, kisha ndovu na pua yake, na ndipo kigeuke kwenye kitenzi kilicho mwisho. Na mifano yake iwe ya samaki, ya mahamri, ya magari ya Kilindini, ili mwanafunzi azihifadhi nguvu zake kwa ajili ya zile kanji 2,136.